Andikeni pembeni mwa ukurasa

Shikamooni wazee wangu, na nyie vijana habari za saa hizi. Asanteni kwa kuja, Jumamosi mchana Dar mtu ana mambo yake, kuna walioacha vikao vya harusi na kuna walioacha mpira, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Nimeambiwa niongee kuhusu matoleo mapya ya vitabu vya safari, hivi vitabu vya zamani vya treni na vya barabara ndefu ambavyo sasa vinachapishwa tena na makava ya kuvutia, na nadhani nimeitwa mimi kwa sababu nauza vitabu vya mtumba hapo mjini mwaka wa 17 sasa, na katika vitabu vyote vinavyopita mezani kwangu vya safari ndo huwa naviweka chini ya meza kwanza, nivisome mwenyewe kabla sijaviuza.

Nimekuja na kitabu kimoja. Mnakiona kilivyochoka, kava halipo, mgongo umeshikiliwa na selotepu. Ni cha mzungu mmoja aliyesafiri Afrika kwa treni na mabasi, jina lake silitaji maana leo sio yeye ninayetaka kumwongelea, nataka kuongelea pembeni mwa kurasa zake. Hiki kitabu kimepita mikononi mwa watu wasiopungua watatu waliopanda TAZARA, reli ya Dar mpaka Zambia, nacho, na kila mmoja kaandika pembeni kwa mwandiko wake. Wa kwanza kaandika kwa wino wa bluu, anasahihisha majina ya stesheni. Wa pili kwa penseli, Kiswahili: "Mlimba saa nane usiku, mvua." Kurasa mbili mbele: "Makambako alfajiri, baridi, chai nzuri." Na wa tatu, huyu ndo amefanya nisikiuze hiki kitabu kwa bei yoyote, alikuta mahali mwandishi anasema kuanzia hapa mpaka pale hakuna cha kutazama, ni pori tu, basi akapiga mstari chini ya hayo maneno akaandika: "Hapa ni kwetu. Kushoto shamba la babu."

Jamani, mimi nilipofika hapo nilifunga kitabu nikakaa kwanza. Maana kwangu mimi hilo ndo toleo jipya. Mwandishi wa kwanza hajafutwa, maneno yake yako pale pale, ila kaja mtu mwingine kapita njia ile ile na kaongeza macho yake. Na hayo ndo ninayoyadai kwa wachapishaji wote wanaotuletea vitabu vya zamani kwa sura mpya, wa huko nje na wa hapa.

Niwaambie kilichonikuta. Kijana mmoja mteja wangu, anatoka Temeke, alikuwa anajipanga kwenda Zambia kwa treni, mara yake ya kwanza, ana hamu kweli kweli. Akaniomba nimtafutie kitabu cha mwongozo wa safari za reli, nikaagiza, kikaja toleo jipya, kava linang'aa, nyuma kimeandikwa kimepitiwa upya chote. Kijana akalipa. Wiki tatu baadaye akarudi na kitabu na begi lake mgongoni, hana hasira wala nini, ananiambia dada, nimefika stesheni na hiki kitabu nimekuta geti limefungwa, leo sio siku ya treni. Nikamrudishia hela yake. Alafu usiku nikatoa kopi ya zamani ya kitabu hicho hicho niliyokuwa nayo ndani, nikaweka zote mbili kitandani nikaanza kulinganisha ukurasa kwa ukurasa mpaka saa saba. Ratiba ile ile. Ramani ile ile. Hata kosa la herufi kwenye jina la Kapiri Mposhi, stesheni ya mwisho kule Zambia, lile lile. Kilichobadilika ni kava na ukurasa wa mbele wenye mwaka. Sitawataja waliokitoa, ila niliumia, kwa sababu yule kijana alikiamini kile kitabu kama unavyomwamini mtu mzima anayekuelekeza njia.

Kwa hiyo tutenganishe kwanza. Kuna kitabu cha mwongozo, kinachokwambia treni inaondoka saa ngapi na ulale wapi, na kuna kitabu cha simulizi ya safari, kile ambacho mtu alisafiri akatuhadithia. Hivi viwili haviwezi kuchapishwa upya kwa namna moja.

Cha mwongozo kina tarehe ya kuisha kama dawa. Chukua reli ya Siberia, Moscow mpaka Vladivostok, km 9,289, ilianza kujengwa 1891. Kwa miaka mingi treni zote za Urusi zilikwenda kwa saa ya Moscow, yani uko mwisho wa dunia huko Vladivostok jua limetoka na saa ya stesheni inakwambia bado usiku, na vitabu vyote vya mwongozo vilikuwa na ukurasa mzima wa kumwonya msafiri. Agosti 2018 wakabadilisha, tiketi na ratiba zikaanza kufuata saa ya mahali treni ilipo. Sasa wewe ukinunua kopi ya kabla ya hapo ukaifuata kama msahafu, treni inakuacha. Badiliko moja tu la saa na kitabu kizima kinahitaji kupitiwa.

Na hilo la saa sisi hapa tunalijua kuliko wao. Mgeni anaambiwa gari linaondoka saa moja asubuhi, anajua ni katikati ya usiku, hajalala, yuko stendi na mabegi. Mwingine anaambiwa saa tisa, anakuja asubuhi na mapema, gari ni la mchana. Sisi tunahesabu tangu jua linapotoka, wao wanahesabu tangu usiku wa manane, tofauti ni saa sita kamili. Kitabu cha mwongozo kuhusu Tanzania kama hakijaeleza hili kwenye kurasa za mwanzo kabisa, basi natilia shaka kwamba mwandishi wake alishawahi kuuliza mtu saa kwa Kiswahili.

Waliokuwa wanaifanya kazi hii kwa uaminifu walikuwepo. Kampuni ya Thomas Cook ilianza kutoa kitabu cha ratiba za treni za Ulaya mwaka 1873, toleo baada ya toleo, zaidi ya miaka 100. Agosti 2013 wakatoa la mwisho. Na unajua nini kilitokea, wale wale waliokuwa wanakiandaa hawakukubali kife, wakaungana, mwaka 2014 kikarudi bila ile kampuni. Mimi napenda sana habari hii. Ni watu waliojua kwamba namba zile zina mtu nyuma yake, mtu amekaa stesheni usiku na mtoto anasubiri treni ya kuunganisha.

Sasa kile cha simulizi. Hapa ndo kuna utamu na hapa ndo pana ubishi.

Waingereza walikuwa na vitabu vya Bradshaw, vya ratiba na mwongozo wa reli, vilianza mwaka 1839. Vikaja vikafa, watu wakavisahau, vikawa vya wakusanyaji. Alafu 2010 mwanasiasa mmoja mstaafu, Michael Portillo, akaanza kipindi cha televisheni anazunguka na treni mkononi ana Bradshaw ya miaka ya 1860, anashuka kila stesheni anatazama kilichoandikwa na kilichopo. Watu wakaanza kuulizia madukani. Wachapishaji wakatoa nakala ya kile kitabu cha zamani kama kilivyo, herufi ndogo, matangazo ya biashara ya zamani, kila kitu. Na kikauzika, sio kidogo. Mnaona walichokipenda watu? Hawakutaka kisafishwe. Walitaka kukishika cha zamani chenyewe na kwenda nacho mahali penyewe leo, jicho moja kwenye kitabu jingine dirishani.

Alafu kuna Paul Theroux, Mmarekani. 1973 aliondoka London kwa treni akaenda mpaka Asia ya mbali akarudi kwa ile ya Siberia, kitabu kikatoka 1975 na mpaka leo kinachapishwa, huyu nikimpata hakai mezani siku mbili. Zaidi ya miaka 30 baadaye akaamua kupita tena. Na njia ikamkataa! Iran hakupata viza. Afghanistan palikuwa na vita, akaiacha. Ikabidi azungukie Georgia, Azerbaijan, Turkmenistan, Uzbekistan. Na Vietnam, ambayo mara ya kwanza aliipita kwenye vita, safari hii ilikuwa imetulia watu wanafanya biashara. Kitabu cha pili kikatoka 2008. Ukiviweka viwili pamoja unaona kitu ambacho dibaji mpya ya kurasa mbili haiwezi kukupa hata iandikwe na profesa. Unaona nchi zimefunguka na nyingine zimefungwa, na mtu yule yule amezeeka kwenye dirisha la treni.

Hapa mzee mmoja wa mbele aliinua mkono akauliza, binti yangu, kwani hao wazungu wa zamani waliotutukana kwenye vitabu vyao na wenyewe wachapishwe hivyo hivyo na matusi yao? Na ukumbi ukanyamaza, maana ni swali zito. Nilimjibu hivi, na bado nasimama hapo: baba, wasifutwe. Ukimfutia tusi lake umemsaidia yeye, umemfanya aonekane alikuwa mtu mwema. Muache alivyo, ila pembeni mwa ukurasa aandike mtu anayepajua pale. Akisema hapa hakuna kitu, pembeni paandikwe kijiji kilikuwepo na kiliitwaje. Akisema wapagazi wake walikuwa wavivu, pembeni paandikwe walibeba kilo ngapi na walitembea siku ngapi. Burton na Speke, wale wasafiri Waingereza, walipokwenda bara 1857 hawakuvumbua njia yoyote, walipita njia ya misafara ya Waswahili na Wanyamwezi iliyokuwa inafanya kazi, na mtu kama Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa misafara, aliwafuata wazungu wale kwa safari baada ya safari, Speke, Stanley, Cameron. Toleo jipya la kitabu chochote cha hao watu ambalo halimpi Bombay nafasi yake kwenye tanbihi, mimi kwangu hilo sio jipya, ni la zamani limevalishwa.

Mzee akatikisa kichwa, hakusema amekubali wala amekataa. Ni haki yake.

Mimi ni mtoto wa reli. Marehemu baba alikuwa kwenye genge, wale wanaokaza mataruma na kukagua njia kwa miguu, tumekulia kota za reli upande wa Tabora, tunajua muda kwa treni na sio kwa saa ya ukutani. Kwa hiyo nikisoma kitabu chochote kuhusu reli ya kati nasoma kwa wivu kabisa, naangalia kama ameona tulichokuwa tunakiona. Ile reli ilianzia hapa Dar mwaka 1905, 1907 ikafika Morogoro, 1912 Tabora, 1914 Kigoma, kama km 1,250 hivi. Mgeni anaandika twiga na machweo. Sawa. Lakini safari yenyewe unaijua kwa kinachouzwa dirishani! Saranda chakula, watu wanakimbilia sahani, Tabora asali kwenye chupa, ukikaribia Kigoma mawese na dagaa, behewa zima linanuka safari. Ukifumbwa macho ukapandishwa treni ile unaweza kujua umefika wapi kwa pua tu. Sijakutana na kitabu kilichoweka hilo sawasawa, na wanaotakiwa kuliweka ni sisi.

Na reli ile ndo ilipitisha meli, hii habari kila nikiisimulia mezani kwangu kuna mtu anabisha. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani, Papenburg, 1913, ikaitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande ikafungwa kwenye makasha kama 5,000, ikaletwa hapa hapa bandarini Dar es Salaam ikapandishwa treni kwenda Kigoma. Ikaunganishwa kule, ikaingia ziwani 1915. 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isichukuliwe na adui, na injini wakaipaka grisi vizuri wakijua watairudia. Hawakuirudia. Waingereza wakaiinua 1924, 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Vitabu vya kigeni vya safari vinaipenda hii meli mno, kila mwandishi akifika Kigoma anaandika. Ila karibu wote wanaianza habari ziwani. Mimi nataka toleo linaloianza habari bandarini Dar, kwenye makasha, na vibarua waliopakia yale makasha.

Na sasa kuna reli ya kisasa. Tangu 2024 unapanda treni ya umeme hapa, unafika Dodoma kabla hata njaa haijakuuma vizuri, vijana mnauita mchongoko. Mimi nimepanda, nimefurahi, mama yangu mgonjwa nilimfikia siku hiyo hiyo na zamani ningelala njiani. Lakini kwa msomaji wa vitabu vya safari ina maana moja: kila kitabu kilichoandikwa kuhusu Dar mpaka Dodoma kwa treni kabla ya 2024 sasa kimekuwa historia, hata kama kilitoka juzi. Pale Kilosa ambapo Mto Mkondoa ulikuwa unakula tuta kila mvua ikizidi, treni mpya inaingia kwenye handaki inatokea upande wa pili. Baba angekuwepo angelia. Miguu yake imetembea lile tuta. Mwenye simulizi za ile njia ya zamani aandike mwaka huu, sio mwaka kesho, wanaoikumbuka wanapungua.

Barabara nazo nigusie, maana mada imesema treni na barabara. Wamarekani wana ile yao, Route 66, kutoka Chicago mpaka Santa Monica, ilipewa namba yake Novemba 1926, urefu karibu km 3,940. 1985 serikali yao ikaifuta kwenye orodha ya barabara kuu, kwenye karatasi haipo, lakini vitabu vyake haviishi, watu wanaitafuta kipande kwa kipande kwa ramani za zamani. Barabara imefutwa na kitabu kimeibakiza.

Sisi je? Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wake wa walowezi kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, Zambia ikabanwa, mafuta hayapiti kusini. Ikabidi yapite huku. Malori yakatoka bandarini kwetu na mapipa ya mafuta, barabara ya udongo, masika, kwenda Zambia, yanarudi na shaba. Wazungu waliokuwa wanaendesha wakaiita njia ya jehanamu. 1968 likaja bomba la mafuta la TAZAMA mpaka Ndola, alafu ikaja lami, alafu ikaja TAZARA yenyewe, km 1,860, imejengwa 1970 mpaka 1975 na Watanzania, Wazambia na Wachina, kipande cha Mlimba mpaka Makambako ndo kilikula watu na muda, mahandaki na madaraja yanafuatana kama shanga. Sasa niambieni, madereva waliopanda mlima Kitonga na pipa la petroli nyuma kwenye tope la mwaka 1966, kitabu chao kiko wapi? Wapo wazee huko Mbagala na Tandika na Iringa waliokuwa matingo wa yale malori wakiwa na miaka 16. Wengine wenu hapa ni wajukuu zao. Mkienda kuwasalimia chukueni simu, warekodini, waulizeni gari lilikuwa aina gani, walilala wapi, walikula nini, nani alikufa. Msianze na maswali ya kisomi. Anzeni na gari.

Nimeacha la mwisho kusudi kwa sababu hili ndo limenifanya nikubali kuja.

Watu wananiuliza, kwani Waswahili waliandika vitabu vya safari? Waliandika. Mwaka 1901 Mjerumani mmoja, Carl Velten, alitoa kitabu kinaitwa Safari za Wasuaheli, ni mkusanyiko wa safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe, kwa Kiswahili. Yumo Selemani bin Mwenye Chande, anasimulia safari yake ya biashara kwenda bara. Yumo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yule yule aliyeandika habari za desturi za Waswahili. Na yumo Salim bin Abakari. Huyu bwana mwaka 1896 alikwenda Urusi na Siberia na mwajiri wake Mjerumani. Siberia! Reli ile ya Siberia ikiwa bado inajengwa, miaka zaidi ya 70 kabla ya hao waandishi wa treni tunaowapigania leo, Mswahili anazunguka kule, alafu anarudi anawasimulia watu kwa Kiswahili habari za Urusi na Siberia.

Mimi nilikuja kulijua hili nikiwa nimeshauza vitabu miaka tisa. Miaka tisa nawauzia watu safari za Siberia za Waingereza na Wamarekani, na sijui kwamba ipo ya Mswahili. Nilipopata kurasa zake nilizisoma usiku kucha, na nilichokipenda ni kwamba hamwelezei Mzungu, anatuelezea sisi, mtu wa mwambao anamwambia mtu wa mwambao. Na Martin Kayamba, karani mkubwa kule Tanga, alikwenda London 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge lao, akarudi akaandika kwa Kiswahili alichokiona na alichokifanya Uingereza. Wangapi kati yenu mmeshika kitabu hicho? Naona mikono miwili. Asanteni, na nyie wawili msiondoke kabla hatujaongea.

Kwa hiyo mchapishaji yeyote aliyepo hapa, au anayemjua mchapishaji, kazi hii hapa. Maandishi ya 1901 hayana tena haki miliki ya mtu, huhitaji kumlipa yeyote kibali. Hela yako iende kwenye kazi yenyewe. Tafadhali usikigeuze kiwe Kiswahili cha leo. Kama kimeandikwa gari la moshi liache gari la moshi, mtoto wa leo atauliza na babu atajibu, na hayo mazungumzo ni mali. Maneno magumu yaeleze chini ya ukurasa huo huo, sio huko mwisho ambako hakuna anayefika. Weka ramani inayoonekana, sio ile ya kupigwa fotokopi mpaka mito imekuwa madoa. Weka bei ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza, mimi nipo tayari nisile faida kwenye kopi 50 za kwanza, nalisema hapa mbele za watu. Na kitu kimoja cha lazima kabisa, nakuomba kama mtoto wa genge: acha pembezoni pana. Vidole vitatu kila upande. Vitabu vya siku hizi maneno yamesukumwa mpaka ukingoni kuokoa karatasi, msomaji hana pa kuweka penseli yake.

Kijana mmoja nyuma ameuliza kama haya yote si yawekwe tu kwenye simu, bure, yaishe. Yawekwe, mdogo wangu, na mimi nitakuwa wa kwanza kumtumia kila mtu. Ila kwenye behewa usiku, katikati ya Kisaki na Ifakara, mtandao umekata na chaji imekwisha, na jirani yako anakuuliza unasoma nini, kitabu unamgawia. Simu humpi mtu usiyemjua.

Mezani pale karibu na mlango nimeweka kopi 12 za kurasa za Salim bin Abakari, nimezitoa fotokopi mwenyewe na kuzibana. Sio za kuuza. Zimechapwa upande mmoja tu wa karatasi, upande wa pili uko wazi. Nina boksi la penseli pia, limebaki nusu. Anayechukua aandike jina la stesheni na saa, alafu akifika mwisho wa safari ampe abiria mwingine.